Mikato Miwili ya Mayunga

Violeth Mayunga alitandaza mafaili yake kitandani Jumamosi asubuhi, akayapitia kwa macho, akajua kundi halijatimia. La kijani lilikuwepo. La njano lilikuwepo. Jekundu la Ukunga lilikuwa limenenepa karibu kupasuka. La bluu, la Famasia, ndilo halikuwepo, na mtihani wa Famasia ulikuwa Jumatatu saa tatu.

"Si ungepiga picha kabla ya kumpa?" alisema Monika, mwenzake wa chumba pale Bariadi, akiwa anafumua nywele kwa kitana. "Watu wote siku hizi wana notsi kwenye simu."

"Simu ikiisha chaji na wewe umeisha. Mimi nasoma karatasi."

"Basi soma kitanda."

"Alisema atalirudisha Ijumaa jioni."

"Na Ijumaa imepita, shoga yangu. Mwanaume ukimwazima kitu, kiage kabisa."

Violeth aliyahesabu mafaili tena. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwaka wa pili wa stashahada ya uuguzi, na hakuwahi kupoteza hata kitini kimoja tangu mvua ya mwaka wa kwanza. Mvua ile ilipenya kwenye paa la chumba chao ikamlazimu kubeba karatasi zote kwa mikupuo, zikachanganyika Anatomia na Afya ya Jamii, na alikesha akizitenganisha. Kesho yake alichukua mkasi. Kila karatasi yake aliikata kona ya chini kulia, mikato miwili midogo iliyokaribiana, kama masikio ya ng'ombe wa baba yake yalivyokatwa. Kwenye ukingo wa juu akaongeza mkato wa somo. Baada ya hapo hata umeme ukikatika angeweza kuzipanga kwa kidole.

Wenzake walicheka sana. Matokeo ya muhula ule yalipobandikwa, jina lake likiwa la kwanza juu kabisa, waliacha kucheka wakaanza kuazima.

Ndalahwa Luhaga, kijana wa darasa lao, hakuja kuazima. Alikuja na mfuko wa sandarusi uliowahi kubeba mbolea, ndani yake notsi za mwaka mzima pamoja na soksi, akasema, "Nimesikia wewe unafundisha watu kupanga."

"Sifundishi watu. Na wewe ukiendelea hivi utamchoma mgonjwa sindano ya mwenzake."

Alicheka. Kisha akaacha kucheka, akakaa chini sakafuni na kumwaga mfuko wake mbele yake kama mtu anayekiri dhambi. Violeth alimtazama mikono yake mikubwa ya mtu wa shamba ikinyoosha karatasi zilizokunjamana, moja moja, kwa upole ambao hakuutarajia. Hapo ndipo alipopotea, ingawa hakumwambia mpaka miezi minne baadaye.

"Nyumbani kwenu alama ya ng'ombe ikoje?" alimuuliza siku ile.

"Mkato mmoja. Chini kulia."

"Basi kata huo."

Wakatazamana, kwa sababu wote wawili walikuwa wameshaelewa. Luhaga wa Sola. Mayunga aliyekuwa wa Sola. Miaka kumi na tisa nyuma, mzee Luhaga alipotelewa na mtamba mwekundu, akamkuta mtamba mwekundu zizini kwa jirani yake Mayunga, sikio lina mikato miwili. Akasema mkato mmoja ni wake, wa pili umeongezwa na mwizi. Mayunga akasema mnyama kazaliwa mikononi mwake. Hakuna aliyethibitisha lolote. Mayunga alihamisha familia yake kwenda Lingeka, Meatu, na Violeth, wakati huo ana miaka minne, alisafiri juu ya mkokoteni katikati ya vyungu. Wazee wale hawakusalimiana tena.

Vijana walikubaliana wamalize chuo kwanza, ndipo wawaambie wakubwa. Ulikuwa mpango mzuri.

Jumamosi hiyo simu iliita saa mbili kasoro.

"Vio, usikasirike."

"Ukianza hivyo mimi huwa nimeshakasirika. Faili liko wapi?"

"Analo mzee."

"Mzee wako hasomi."

"Herufi hasomi. Kona amezisoma." Sauti ya Ndalahwa ilikuwa ya chini, nyuma yake kuku walikuwa wanagombana. Alikuwa ameitwa nyumbani Jumatano kusaidia kuvuna pamba, naye akaliomba faili ili asome jioni. "Aliingia chumbani kutafuta chaja, akaliona mezani. Amelifungia kwenye sanduku lake. Anasema mali yenye alama ya mtu haitolewi kwa maneno ya mtu mwingine. Mwenye nayo aje mwenyewe aitambue."

"Kama ng'ombe aliyepotea."

"Kama ng'ombe aliyepotea. Amemwita na shahidi." Akasita. "Mama anajua ufunguo ulipo. Naweza kulitoa akienda shamba."

"Uniibie faili langu mwenyewe? Nakuja."

"Vio, si kwamba anajua tu ni la mtoto wa Mayunga. Anajua na mengine. Ameniuliza, nami sikuweza kumdanganya."

"Nimekuambia nakuja."

Alivaa gauni la kitenge la zambarau, akapiga rangi viatu. Monika alimtazama kuanzia juu hadi chini. "Unakwenda kuchukua faili au kuolewa?"

"Faili."

"Haya. Faili lenyewe litafurahi."

Basi lilimfikisha Maswa, pikipiki ikamwingiza Sola, na saa tano na nusu alikuwa amesimama uani kwa Luhaga, vumbi mpaka kwenye kope. Pamba ilikuwa imelundikwa juu ya turubai, nyeupe hadi inaumiza macho. Mama yake Ndalahwa alikuwa amekaa pembeni akichambua, safi huku, fifi iliyochafuka kule. Ndalahwa alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo na gunia begani. Alilishusha taratibu. Macho yao yalikutana, na katika macho yale Violeth aliona mambo matatu kwa pamoja: hofu, aibu, na furaha isiyoweza kujificha ya mwanaume anayemwona mpenzi wake amesimama uani kwao mchana kweupe.

Mama alinyanyuka, akamvuta kando kwenye mtungi wa maji kana kwamba anampa maji ya kunawa.

"Binti yangu, nisikilize haraka. Akikuuliza habari za yule mtamba, sema hujui. Ulikuwa mtoto. Sema waliyajua wenyewe. Upate karatasi zako, upate na mtu wako. Mimi nakutaka, nisikufiche."

"Nashukuru, mama. Lakini nikisema sijui, nitakuwa nimekubali kwamba baba yangu ana jambo la kufichwa."

"Una jeuri wewe."

"Kidogo, mama."

Yule mama alicheka kwa pua na kummiminia maji mengine. Huenda hapo alikuwa ameshamkubali mara ya pili.

Mzee Luhaga alikuwa amekaa kwenye kiti cha uvivu chini ya kibanda cha mabua, mrefu, mkavu, fimbo kati ya magoti. Pembeni yake alikaa jirani yake Bujiku, mzee mnene mwenye macho ya kucheka, aliyeitwa kuwa shahidi. Violeth alipiga goti kama alivyofundishwa.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu." Salamu ya Kisukuma aliitoa sawasawa, akamwita mama kwa heshima, kwa sababu salamu ni salamu. Kisha akakunja uso. "Wewe ni ng'wana Mayunga."

"Ndiyo, baba. Mtoto wake wa tatu."

"Huogopi kusema."

"Sijawahi kuambiwa ni jina la kuogopa."

Bujiku alikohoa kuficha kicheko. Mzee Luhaga alifungua sanduku la bati, akalitoa faili, akaliweka juu ya mapaja na kulifunika kwa viganja vyote viwili.

"Taja kabla hujaona."

"Faili la bluu, limepasuka pembe ya juu. Karatasi mia moja na arobaini na mbili. Kila moja ina mikato miwili chini kulia na mmoja wa pembetatu juu katikati. Wino wa bluu. Ukurasa wa dawa za malaria una doa la chai."

"Bujiku, hesabu."

Bujiku alilamba kidole, akahesabu. Alihesabu kwa raha ya mtu asiye na haraka, akirudi nyuma mara mbili. Ndalahwa alikuwa amesogea, amesimama nyuma ya kiti cha baba yake. Violeth hakumtazama. Angemtazama, angesahau kilichomleta Sola.

"Doa la chai lipo," alisema Bujiku hatimaye. "Karatasi mia moja na arobaini na tatu."

"Amesema mia moja na arobaini na mbili," alisema mzee Luhaga.

"Nimesikia. Ndiyo maana nimerudia."

Mzee hakushangaa. Ilionekana alikuwa anajua. Alipenyeza kidole katikati ya karatasi akachomoa moja bila kutafuta, akainyanyua kwenye mwanga. "Hii hapa. Wino mweusi. Mwandiko umelala upande mwingine. Mkato wa kwanza umechakaa, umeshika jasho la vidole. Mkato wa pili mpya, haujachafuka. Sikio la namna hii nimeliona mara moja tu maishani mwangu, mwaka ule." Akamgeukia. "Mkato mmoja ni wa kwangu. Wa pili umeongezwa. Sasa niambie, ng'wana Mayunga, ni kazi ya nyumba yenu, mnarithishana?"

Hata mama aliacha kuchambua pamba.

Violeth aliinuka, akaipokea ile karatasi kwa mikono miwili. Mwandiko aliujua kuliko wake. Ulikuwa wa Ndalahwa, somo la dawa za usingizi, herufi zinazokimbilia kulia kama zina miadi. Lakini aliyashika makali ya mikato ile kwa kidole gumba, akaipeleka karatasi mbele, akaiweka kwenye goti la mzee.

"Si yangu hii, baba. Mimi nakata kwa mkasi. Hii imekatwa kwa wembe, mikato yote miwili. Ni ya nyumba yako, naomba uichukue."

"Ina alama yenu."

"Alama ni yetu. Karatasi si yangu. Sichukui kisicho changu hata kikija kwa miguu yake."

Luhaga aliitua karatasi juu ya faili. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imeshuka, karibu ya huruma, na hiyo ilikuwa hatari zaidi. "Binti, una akili. Kijana wangu ananiambia amekuchagua wewe, hataki mwingine. Mimi si mtu mbaya. Sema tu hapa, mbele ya Bujiku, kwamba baba yako alikosea mwaka ule. Neno moja. Halafu mimi nitasahau, chukua faili lako, na nyinyi wawili mtaendelea na mambo yenu. Sitauliza tena."

Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Baba yake alikuwa Lingeka, hangesikia. Na mtu aliyempenda alikuwa amesimama hatua tatu mbele yake, shati limeloa jasho, nyuzi za pamba kwenye nywele, akimtazama kana kwamba anazuia pumzi. Violeth alimtazama sasa. Alimtazama sawasawa, aweze kumkumbuka vizuri.

"Baba yangu alifundisha watoto sita alama hii," alisema. "Jua likichomoza anatupanga mstari mbele ya zizi, mmoja mmoja anasema huyu wetu, huyu si wetu. Ukisema wetu kwa ng'ombe wa mtu, hunywi uji siku hiyo. Mimi nilikosa uji mara moja tu. Siwezi kusema alikosea, kwa sababu sijui kama alikosea, na ninavyomjua hakukosea. Faili nakuachia. Jumatatu nitafanya mtihani kwa yaliyo kichwani, na nitafaulu. Na Ndalahwa." Akakung'uta vumbi kwenye gauni. "Ndalahwa naye nakuachia."

Akageuka. Alikuwa amepiga hatua mbili.

"Nilikata mimi."

Mzee Luhaga hakugeuka. "Nani amesema?"

"Mimi, baba." Ndalahwa alizunguka kiti, akapiga goti mbele ya baba yake. "Karatasi ni yangu na wembe ni wangu. Niliongeza mkato Alhamisi, nilipomaliza kusoma. Nikaichomeka kwenye faili lake."

"Kwa nini?"

"Ili siku akipanga asiitoe. Akifika kwenye hiyo, aone alama yake, aiache ikae."

"Karatasi ya dawa za usingizi?" aliuliza Bujiku.

Masikio ya Ndalahwa yaliiva. "Nimeandika kitu kwa nyuma."

"Soma," alisema baba yake.

"Baba."

"Umeleta ng'ombe mbele ya shahidi. Soma."

Ndalahwa aliichukua karatasi, akaigeuza. Alisoma akiitazama miguu yake mwenyewe, polepole, kama anasomea wagonjwa wodini. "Dawa: Violeth. Asubuhi, mchana na jioni. Mgonjwa asikatishe dozi hata akijisikia nafuu. Ni ya maisha."

Bujiku alipiga paja. Mama alijifunika uso kwa khanga, mabega yakimtikisika. Violeth alibaki amesimama amewapa mgongo, kwa sababu machozi yalikuwa yameshafika, na hakuwa tayari kumwonyesha mzee yule hata moja. Alisubiri yakauke kwenye upepo. Ndipo akageuka.

Mzee Luhaga hakuwa anacheka. Alikuwa ameichukua tena ile karatasi, anaipapasa kona, huku na huku.

"Wa zizi langu mwenyewe," alisema. "Kaongeza mkato."

"Ndiyo, baba."

"Mwaka ule kaka zako ndio walikuwa wanachunga. Walikuwa vijana wadogo, watundu, wangeweza kuongeza mkato. Sikumuuliza hata mmoja. Nilichukua fimbo nikaenda moja kwa moja kwa Mayunga."

"Nilikuambia mwaka ule uanzie nyumbani," alisema Bujiku.

"Ulinong'ona."

"Ulikuwa na fimbo."

Mzee alizikusanya karatasi zote, akazigonga juu ya goti mpaka kingo zikakaa sawa, akafunga faili na kulinyoosha kwa mikono miwili. "Mali yako, mayu. Umeitambua."

"Wabeja, baba." Alishukuru akilipokea. Hakuondoka. "Naomba neno moja."

"Umeshasema mengi."

"Limebaki hilo. Ukituma watu Lingeka kuniulizia, watarudishwa kabla hawajakaa. Baba yangu hatapokea mtu wa nyumba hii aliyetumwa. Uje mwenyewe. Umsalimie kwanza. Habari zangu zije baadaye, au zisije."

Ndalahwa alifumba macho. Mama aliteremsha khanga. Hakuna msichana aliyewahi kuzungumza hivyo pale uani, na wote walijua, na Violeth alijua kuliko wote. Alisimama wima na faili lake kifuani, akangoja.

"Anakuwepo nyumbani siku gani?" aliuliza mzee Luhaga.

"Jumapili. Baada ya kanisa."

"Kesho hapana, tuna pamba juani. Jumapili ijayo." Akaitazama ncha ya fimbo yake. "Bujiku, pikipiki yako inafika Meatu?"

"Inafika. Wewe je, unafika?"

"Nitafika."

Ndalahwa alimsindikiza mpaka barabarani. Walitembea kwa heshima, nafasi ya mtu mmoja kati yao, kwa sababu uani kote macho yalikuwa migongoni mwao.

"Umemwamuru baba yangu," alisema.

"Nimemwomba."

"Hukuomba, Vio."

"Basi nimemwamuru." Akamtazama kwa pembeni. "Ungeniacha niondoke?"

"Ulipiga hatua mbili tu. Nilikuwa natafuta sauti."

"Siku nyingine uitafute mapema." Lakini mkono wake ulikuwa umeuvuka ule upenyo, na vidole vyao vilishikana nyuma ya faili, mahali ambapo hakuna mtu wa uani angeona.

Pale Maswa, akingoja basi la kurudi Bariadi, alimpigia baba yake. Mzee Mayunga alipokea baada ya mlio wa sita, akipiga kelele kama kawaida ya watu wanaoamini simu haisikii.

"Baba, Jumapili ijayo usitoke. Kuna mgeni."

"Nani?"

"Luhaga wa Sola."

Violeth aliangalia kama simu imekatika. "Anakuja kugombana?"

"Anakuja kukusalimia."

Alimsikia baba yake akivuta pumzi, akisogeza kitu, labda kiti, akikaa. Miaka kumi na tisa ilipita kwenye simu ile. Kisha akauliza, taratibu sana kwa mtu anayepiga kelele, "Wewe umefanya nini huko, mwanangu?"

"Nilifuata faili langu, baba."

"Mh." Akajisafisha koo. "Mtihani lini?"

"Jumatatu."

"Basi kata simu, usome."